Maktaba za programu zitoe pembe kwa nyuzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja iliyotolewa hivi karibuni katika safu ya sayansi na teknolojia, kwamba waandishi wa programu hawana sababu ya kudai vitendakazi vya hesabu (amri zilizo tayari, unazipa namba nazo zinakupa jibu) vinavyotoa pembe kwa nyuzi, kwa kuwa kugeuza radiani, kizio kingine cha pembe, kuwa nyuzi ni suala la kuzidisha kwa 180 na kugawanya kwa pai. Radiani zenyewe mwandishi wa safu amezieleza vizuri, na sina ugomvi naye katika hilo. Hitimisho lake ndilo nisilolikubali. Kugeuza ni kazi nyepesi inapofanywa mara moja juu ya karatasi, lakini ndani ya programu yenye mafaili mengi, iliyopita mikononi mwa watu kadhaa kwa miaka, kazi hiyohiyo huzaa makosa yasiyopiga kelele, na mahali panapofaa pa kuyazuia ni ndani ya maktaba ya hesabu yenyewe, yaani mkusanyiko wa vitendakazi hivyo, si katika kumbukumbu ya kila anayeitumia.

Kwa msomaji ambaye trigonometria aliiacha shuleni, nieleze kwa ufupi. Sini, kosini na tanjenti hupokea pembe na kutoa uwiano wa pande za pembetatu yenye pembe mraba. Vinyume vyake huanzia upande wa pili: unavipa uwiano, navyo vinakurudishia pembe. Ukiwa na njia ya kupandishia kiti cha magurudumu inayoinuka mita 1 kwa kila mita 12 za mlalo, ukataka kujua imeinama kiasi gani, unatafuta kinyume cha tanjenti ya 1 gawanya kwa 12, na jibu ni nyuzi 4.76. Jibu hilo fundi, mkaguzi na mchoraji wanalielewa bila kuelezwa. Lakini ukiiuliza kompyuta kwa kitendakazi kiitwacho atan katika C, Java, JavaScript au Python, itakujibu 0.0831, na lahajedwali la Excel nalo litakujibu hivyohivyo, kwa sababu wote hao hutoa pembe kwa radiani. Java ina toDegrees, Python ina degrees na Excel ina DEGREES za kugeuzia jibu. Lugha ya C, ambayo maktaba yake ya hesabu imebeba nyingine nyingi juu yake, haina kitendakazi cha namna hiyo katika viwango vyake rasmi.

Sidai kwamba waliochagua radiani walikosea. Radiani inatokana na duara lenyewe, kwa kuwa ni pembe ambayo tao lake lina urefu sawa na nusukipenyo, na ndiyo maana kanuni za kalkulasi hutoka safi zikiandikwa kwa radiani, bila ile 57.29578, idadi ya nyuzi katika radiani moja, kuzagaa kila mstari. Msimbo wa ndani unaokokotoa kinyume cha sini kwa kutumia polinomia una haki ya kufanya kazi kwa radiani. Hata hivyo, yanayofaa ndani ya maktaba si lazima ndiyo yakabidhiwe mtumiaji mlangoni. Latitudo na longitudo huandikwa kwa nyuzi. Dira husomwa kwa nyuzi. Michoro ya mafundi, vyombo vya wapima ardhi na maagizo ya marubani vyote hutumia nyuzi. Kwa hiyo programu yoyote inayoshughulika na vitu hivi huvuka mpaka kati ya radiani na nyuzi mara nyingi, kwenda na kurudi, na kila mvuko ni nafasi ya kusahau.

Makosa ninayoyazungumzia yana tabia mbaya ya kufanana na majibu sahihi. Ile 0.0831 ikisomwa kama nyuzi, njia ya kiti cha magurudumu inaonekana karibu tambarare, na mkaguzi anaweza kuipitisha bila kushtuka. Kugeuza mara mbili nako kuna hila yake. Kinyume cha sini ya 0.5 ni nyuzi 30. Sehemu moja ya programu ikishaligeuza jibu, kisha sehemu nyingine iliyoandikwa na mtu asiyejua hilo ikaligeuza tena, tunapata 1718.87. Namba hiyo peke yake ingemshtua yeyote, ila programu nyingi za ramani huipunguza kila pembe mpaka iangukie kati ya 0 na 360, na ukiondoa mizunguko minne kamili kinachobaki ni 278.87, uelekeo wa kawaida kabisa wa mtu anayekwenda karibu na magharibi. Hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea, kwa sababu machoni pa kompyuta radiani na nyuzi ni namba tupu zisizo na lebo.

Mwandishi wa safu amesema pai inajulikana na kila mtu. Inajulikana, lakini kila mtu anaijua kwa tarakimu zake. Viwango vya C haviipi pai hata jina rasmi, kwa hiyo kila mwandishi wa programu huandika yake, na waliozoea hesabu za shule huandika 3.14 au 22 gawanya kwa 7. Aliyeandika 3.14 akiomba kinyume cha sini ya 1, pembe mraba yake itatoka nyuzi 90.046, wa 22 gawanya kwa 7 atapata 89.964. Tofauti hizi zinaonekana ndogo mpaka uzivute mbali: kwa umbali wa kilomita 10, kosa la kwanza linakupeleka pembeni takriban mita 8. Kinachokera zaidi ni programu moja yenye pai mbili, moja katika faili la kwenda na nyingine katika faili la kurudi, ambapo pembe iliyogeuzwa na kurudishwa hairudi ilikotoka.

Hata anayegeuza kwa uangalifu, kwa pai yenye tarakimu zote ambazo kompyuta inaweza kuzishika, hapati kilicho kamili. Katika Python, ukiomba asin (kinyume cha sini) ya 0.5 na kuigeuza kwa degrees, jibu ni 30.000000000000004, na acos (kinyume cha kosini) ya 0.5 inatoa 60.00000000000001. Chanzo si uzembe wa mtu. Pai haiwezi kuandikwa yote katika biti 64 ambazo kompyuta huipa namba moja, kwa hiyo radiani iliyo karibu zaidi na nyuzi 30 imeshazidi kidogo kabla ya kugeuzwa, na kuzidisha hakuwezi kurudisha kilichopotea. Maelezo rasmi ya Java yanamwonya mtumiaji kwamba ugeuzaji huu kwa kawaida si kamili, na kwamba asitarajie kosini ya nyuzi 90 zilizogeuzwa kuwa radiani iwe 0 kamili. Wako watakaosema kwamba kosa la tarakimu ya kumi na tano baada ya nukta halijengi wala halibomoi. Kwa chuma na udongo ni kweli. Kompyuta lakini haina busara ya mhandisi: sharti linalosema pembe isizidi 30 litaikataa 30.000000000000004 bila huruma, na mwenye programu atabaki akishangaa kwa nini kipande kilichokatwa sawasawa na kipimo kimerudishwa.

Hapa hisabati inatusaidia kwa namna ambayo mimi binafsi huifurahia kila ninapoikumbuka. Kuna kanuni inayoitwa kwa jina la mwanahisabati Ivan Niven, inayosema hivi: kati ya pembe zote ambazo idadi ya nyuzi zake inaandikika kama sehemu ya namba kamili mbili, zile ambazo sini yake nayo inaandikika hivyo zina sini ya 0, nusu au 1 peke yake, iwe chanya au hasi. Kila namba ambayo kompyuta inaishika katika biti zake inaandikika kama sehemu ya namba kamili mbili. Maana yake ni kwamba anayetengeneza kinyume cha sini kwa nyuzi ana thamani tano tu za kuhakikisha zinatoka kamili, nazo ni hasi 1, hasi 0.5, 0, 0.5 na 1. Kwa tanjenti ziko tatu, hasi 1, 0 na 1. Thamani nyingine yoyote utakayoiingiza ina jibu lenye desimali zisizokwisha wala kujirudia, ambalo lazima likatwe mahali fulani, na hakuna atakayeweza kulalamika kwamba lilipaswa kutoka kamili. Kazi inayoombwa, kwa hiyo, ni mistari michache ya msimbo inayoandikwa mara moja na mtu anayeijua vizuri, badala ya kuachiwa kila mtumiaji abuni namna yake ya kukadiria.

Wala siombi jambo geni. Fortran, lugha kongwe ya wanasayansi, kwa miaka mingi ilikuwa na asind, acosd na atand, vinyume vya sini, kosini na tanjenti vinavyotoa nyuzi, kama nyongeza za watengenezaji wa vikusanyaji (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), na toleo la viwango la mwaka 2023 limeviingiza rasmi. Lugha za MATLAB na Julia zinavyo vitendakazi vyenye majina hayohayo. C23, toleo jipya la viwango vya C, limechukua njia ya kati kwa kuleta asinpi, acospi, atanpi na atan2pi, ambavyo hutoa pembe kama sehemu ya nusu mzunguko, hivyo kwamba aliyevitumia anazidisha kwa 180 na kumalizana na pai moja kwa moja. Ni hatua nzuri, ingawa bado inamwachia mtumiaji kazi ambayo maktaba ingeweza kuimaliza. Mfano ninaouona bora ni wa maktaba ya GeographicLib iliyoandikwa na Charles Karney kwa ajili ya hesabu za uso wa Dunia. Kitendakazi chake cha atan2d, kinachopata pembe kutokana na namba mbili kama nitakavyoeleza, hakitoi radiani na kuzizidisha hivihivi. Kwanza hupanga upya namba mbili zilizoingizwa ili pembe inayokokotolewa ibaki kati ya hasi 45 na 45, huigeuza hiyo ndogo kuwa nyuzi, kisha ndipo huipeleka kwenye robo yake ya duara kwa kuongeza au kupunguza 90 au 180, ambazo kwa nyuzi ni namba kamili zisizo na doa. Kwa radiani hatua hiyo ya mwisho isingewezekana bila kupoteza kitu, kwa kuwa hata robo ya mzunguko haiandikiki kikamilifu.

Nimetaja robo za duara makusudi, maana asiyezielewa hataokolewa na nyuzi wala radiani. Kinyume cha sini hutoa pembe kati ya hasi 90 na 90, cha kosini kati ya 0 na 180, na cha tanjenti kati ya hasi 90 na 90. Chukua mahali palipo kilomita 3 magharibi na kilomita 4 kusini mwa uliposimama. Ukihesabu mashariki na kaskazini kuwa chanya, una hasi 3 na hasi 4. Ukizigawanya unapata 0.75, na kinyume cha tanjenti yake ni nyuzi 36.87, yaani kaskazini-mashariki, upande ulio kinyume kabisa na unakotaka kwenda. Alama mbili za hasi zimefutana wakati wa kugawanya, na taarifa ya upande imekwenda nazo. Kwa sababu hiyo kuna atan2, inayopokea namba zote mbili bila kuzigawanya. Ukiipa mashariki kwanza na kaskazini baadaye, jibu likishakuwa kwa nyuzi ni hasi 143.13, na ukiongeza 360 unapata 216.87, ambao ndio uelekeo sahihi wa dira, kuanzia kaskazini na kufuata mwendo wa mishale ya saa.

Hata hapo mitego haijaisha. Excel huipokea namba ya mlalo kwanza na ya wima baadaye, kinyume cha mpangilio wa C na lugha zilizoifuata, kwa hiyo anayenakili fomula kutoka lahajedwali kwenda kwenye programu bila kubadilisha mpangilio anapata pembe iliyogeuzwa. Kuirudisha pembe hasi katika eneo la 0 hadi 360 nako si kwepesi kama kunavyoonekana: hesabu ya baki la kugawanya katika C na Java huiacha pembe hasi ikiwa hasi, ilhali Python hutoa chanya, ila ukiipa namba hasi iliyo karibu mno na 0 hukurudishia 360 yenyewe, thamani ambayo haikupaswa kuwemo. Maktaba inayotoa kitendakazi kimoja cha uelekeo, chenye maelezo ya wazi kwamba kinaanzia kaskazini, kinafuata mwendo wa saa na hakifiki 360, ingemaliza mabishano haya yote mahali pamoja.

Kuna jambo ambalo wanaopigia debe nyuzi, nami nikiwemo, tunapaswa kulisema wazi: kubadilisha kizio hakuponyi fomula mbovu. Kinyume cha kosini ni kibaya kwa pembe ndogo, kwa sababu karibu na 0 kosini haibadiliki sana na tarakimu zote huishia katika 0.9999. Katika namba za biti 32, namba kubwa kuliko zote iliyo chini ya 1 inalingana na pembe ya takriban nyuzi 0.02, ambayo juu ya uso wa Dunia ni zaidi ya kilomita 2. Vijiji viwili vilivyo karibu kuliko hapo vinaweza kuhesabiwa kuwa mahali pamoja na programu inayopima umbali kwa acos. Kwa biti 64 kosa hilo linashuka chini ya sentimita 10, na wengi wataridhika. Asiyeridhika atumie atan2, au asin kwa fomula ya nusu pembe, na maelezo ya maktaba yamwambie hivyo palepale kwenye acosd badala ya kumwacha agundue mwenyewe. Vivyo hivyo ikiwa makadirio yamezalisha 1.0000000000000002 mahali palipostahili 1. Leo Python hukataa kwa kutoa hitilafu na Java hurudisha NaN, alama ya kwamba jibu si namba. Watu wengine wanataka maktaba inyamaze na kuihesabu kuwa 1. Mimi nasema isinyamaze, kwa kuwa ikizoea kumeza ziada ndogo itameza na 1.2, ambayo ni dalili ya data mbovu; aliye na hakika kwamba ziada yake inatokana na makadirio aipunguze mwenyewe, waziwazi, kabla ya kuita.

Suluhisho moja lililopendekezwa katika safu yenu ningependa lisifuatwe kabisa, nalo ni la kuipa maktaba swichi ya kuchagua nyuzi au radiani kama ile ya vikokotoo vya mkononi. Mwanafunzi aliyewahi kufanya mtihani mzima kikokotoo kikiwa RAD, yaani kwenye radiani, bila yeye kujua anaelewa ninachokisema. Katika programu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu swichi moja hutumiwa na sehemu zote: moduli ya ramani ikiiweka kwenye nyuzi, moduli ya michoro iliyotegemea radiani inaharibika papo hapo, na aliyeiandika hayupo kuona. Jina la kitendakazi ndilo libebe kizio. Anayesoma msimbo akiona asind ajue ni nyuzi, akiona asin ajue ni radiani, bila kutafuta mstari uliowekwa faili la mbali mwezi uliopita.

Kwa walimu na waandishi wa vitabu vya kufundishia kompyuta kwa Kiswahili, ombi langu ni dogo zaidi. Mfano wowote wa kinyume cha sini, kosini au tanjenti uandikwe pamoja na kizio cha jibu, na jina la kila kigezo kinachoshika pembe libebe kizio hicho: pembe_nyuzi au pembe_radiani, kamwe si pembe peke yake. Kugeuza kufanyike mahali pawili tu, data inapoingia na majibu yanapotoka, mpaka maktaba zenyewe zitakapotuondolea haja hiyo. Na anayetaka kujua maktaba anayoitumia imesimama wapi aijaribu kwa thamani chache: kinyume cha sini ya 0.5 kinatakiwa kitoe 30 bila mkia, kinyume cha kosini ya hasi 0.5 kitoe 120, kinyume cha tanjenti ya 1 kitoe 45, na mashariki hasi 3 pamoja na kaskazini hasi 4 vitoe 216.87. Isipotoa hivyo, watunzaji wa maktaba nyingi za wazi hupokea taarifa na marekebisho kutoka kwa yeyote, na marekebisho haya, kama nilivyoonyesha, ni mistari michache.

Wako,
Msomaji na mwandishi wa programu za upimaji